Biharusi Asiyesingwa

Wanangu, mkija kwangu Mkunazini msipande ngazi mkiwa mmeshiba. Ngazi za nyumba hii zimesimama wima utafikiri zinakwenda kuuamkia mwezi, na juu kabisa ndipo lilipokuwa jiko langu la kupikia mafuta ya ngozi. Lau hatua zote nilizopanda zingenyooshwa barabarani, ningekuwa nshakwenda Makka kwa miguu na kurudi, na kibuyu cha zamzam kichwani. Sasa magoti yamegoma. Jiko nimelikabidhi kwa wenye magoti, nami nimebaki dirishani nikiwachelewesha watu kazi zao kwa maneno. Nyinyi mnaoniuliza kila siku, "Bi Zuwena, hayo mafuta ya ngozi yanafanywaje?", kaeni basi. Nikizidisha chumvi mtanisamehe. Kwenye mazungumzo natia nyingi, kwenye mafuta sijatia hata punje.

Siri ya mafuta yangu ni kwamba hayana siri. Tafuta nazi kavu, ile ukiitikisa maji yake yanacheza ndani. Ikune, ikamue tui zito, litie kwenye sufuria na moto mdogo, ukoroge. Hapo usitumie macho, tumia masikio. Tui lenye maji linapiga makelele kama shangazi aliyesahauliwa kualikwa harusini. Maji yakiisha, sufuria inanyamaza. Ikinyamaza epua haraka, chuja kwa kitambaa kisafi, na hapo una mafuta ya nazi yanayonukia mpaka paka wa Shangani wanahamia mtaani kwako. Kisha nta ya nyuki. Iyeyushe, ichuje, maana nta ya shamba huja na miguu ya nyuki, mabawa, na mara nyengine nyuki mzima aliyekufa akiwa bado kakasirika. Ikiganda iparuze. Kijiko kimoja cha nta kwa vijiko vinne vya mafuta ya nazi, ndani ya kopo, na kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usilitie kopo motoni moja kwa moja. Yakishayeyuka pamoja, dondosha tone kwenye kisahani kilichokaa kwenye friji. Likiganda kama jiwe ongeza mafuta, likikimbia ongeza nta. Basi. Anayekwambia pana zaidi ya hapo anataka umsifu.

Lakini kabla ya yote hayo: kausha. Kausha kopo, kausha kijiko, kausha mikono. Hilo nililifundishwa na Bi Mwatima, aliyeniingiza katika kazi hii. Bi Mwatima alizaliwa Kizimbani, baba yake mfanyakazi wa shamba la viungo, akaolewa mjini na kuja na pua yake. Pua ile, wanangu! Ukikaa naye Malindi, akivuta pumzi tu atakwambia leo Pemba wameanika karafuu, na za nani hazijakauka. Kila asubuhi alinikagua mlangoni kama askari wa bandarini.

"Zuwena!"

"Naam, Bi."

"Lete mikono."

"Mikavu, Bi."

"Mikavu ya wapi? Hapo katikati ya vidole pana bwawa. Kajifute tena."

Mimi nikiona ananionea. Nilipoanza kufanya kazi peke yangu, hoteli moja ya Kiwengwa ikaniagiza makopo ya mafuta kwa wageni wao, nami kichwa kikavimba. Nikasema wageni wa hoteli si watu wa nta na nazi tu. Nikatia maji ya waridi, nikatia na utomvu wa shubiri mbichi, nikapiga kwa mchapo mpaka yakawa meupe, laini, kama mawingu ya kaskazi. Nilijipenda siku ile hata nikajisalimia kwenye kioo. Haukupita muda mrefu, simu ikalia. Msimamizi wa hoteli, kijana mpole sana, akasema, "Shikamoo, Bi Zuwena. Samahani. Mafuta yako yameota ndevu."

Nikakwenda mwenyewe. Kweli, ndevu. Nyengine nyeusi, nyengine kijivu, kopo moja lilikuwa na ndevu za heshima kabisa, ungeliuliza fatwa likakujibu. Nimerudi mjini nimeyapakata makopo yale kama watoto wenye tetekuwanga, abiria mwenzangu akijisogeza kila nikifunua kifuniko kutazama.

Ndiyo maana nikaingia skuli ya usiku. Nilitaka kujua zile ndevu zimetoka wapi. Siku ya kwanza mwalimu aliniamkia, akadhani nimetumwa na serikali kukagua, na darasa zima likasimama. Nikawaambia, "Marahaba, kaeni, mimi ni wa kidato cha kwanza." Cheti changu cha mwisho nimekitia fremu kubwa kuliko mlango wa choo, na kila anayeingia humu hukisoma, atake asitake. Huko nikafundishwa kwamba ndani ya maji vimo vijidudu visivyoonekana, vinakula, vinazaa, vinajenga, na kwenye mafuta makavu havipati pa kuishi. Nikakimbia kwa Bi Mwatima.

"Bi, nimejua! Kwenye maji mna vijidudu!"

"Vikubwa?"

"Havionekani kwa macho."

Akafikiri. "Basi nichoree."

Nikamchorea kimoja kutoka kitabuni, kina vimkia. Akakibandika juu ya jiko, na tangu siku hiyo kila akianza kazi alikitolea salamu za kukifukuza: "Leo huingii." Mpaka anatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, karatasi ile ilikuwa pale pale ukutani, na baadaye ikahamia kwangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo nililowakalishia.

Mbali na kutengeneza mafuta nilikuwa nikisinga maharusi. Nyinyi wa mjini mnaijua singo, lakini siku hizi wengine wanainunua kwenye vifuko hawajui ndani mna nini. Ni waridi, kilua, langilangi, mrehani, liwa na karafuu, vyote vikaushwe na kutwangwa pamoja, kisha biharusi anasuguliwa kwa unga ule uliolowekwa kwa maji ya waridi, siku kadhaa kabla ya harusi yake, mpaka anatoka mwili laini na harufu yake inatangulia mtaa mzima.

Jirani yangu Bi Saada alikuwa na binti mmoja tu, Rahma, kachumbiwa na kijana wa Uroa. Bi Saada akaniomba nimsinge, lakini kwa sharti moja.

"Singo ntaitwanga mwenyewe, Bi Zuwena. Mimi niliolewa mama yangu hayupo. Nilisingwa kwa singo ya kuombaomba kwa majirani, huyu kaleta gao hili la kiganja, yule gao lile. Rahma atasingwa kwa singo ya mkono wa mama yake."

Na aliitwanga! Maua aliyaanika juu ya dari, akikesha nayo kama mlinzi wa benki. Alipigana na kunguru, alipigana na mvua, siku moja upepo ulichukua sinia zima la kilua na Bi Saada akaliteremkia mpaka chini akiokota ua moja moja kichochoroni, watu wakimpisha. Kinu chake tulikuwa tukikisikia mtaa mzima. Nilipoletewa niinuse, nikakumbuka pua ya Bi Mwatima, nikaona hata yeye angenyamaza. Na ilikuwa kavu, wanangu. Kavu kama hotuba.

Siku ya kuanza kusinga nikenda. Rahma keshawekwa ndani, kajifunika kanga mpaka kidevuni, na joto lote lile. Bi Saada alikwenda ukumbini kuchukua bakuli la maji ya waridi. Nikaushika mkono wa mtoto niuvute, akaurudisha. Nikaushika tena. Mkono ulikuwa mwekundu, ngozi nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, imepasuka pasuka kwenye kiwiko, na vifundo vya vidole tu ndivyo vilivyokuwa vyeusi. Nikafunua kanga usoni. Mashavu yanawaka, ukiyasogelea unahisi moto.

"Rahma, umepaka nini?"

"Sijapaka kitu, Bi Zuwena."

"Mwanangu, pua hii kanifundisha Bi Mwatima. Huu ni mkorogo wa kujichubua."

Akajitahidi asilie, akashindwa. Akatoa simu, akaniwekea sauti iliyotumwa kwenye kundi la harusi. Ilikuwa sauti ya wifi yake, dada wa bwana harusi. Anacheka: "Jamani, mumeshaulizia taa za ukumbi wa harusi? Maana biharusi wetu huyu, taa zikiwa chache hataonekana, tutalipiga picha pazia!" Na nyuma yake watu wanaangua vicheko.

"Nikanunua kikopo Darajani," Rahma akasema. "Hakina jina. Mwanzo kila mtu akanambia umeng'ara, umependeza. Kisha kikaanza kuuma. Nikipaka pananiwaka, nikiacha pananiwaka zaidi."

"Mama anajua?"

"Akijua ataniua." Akapangusa pua. "La, hatoniua. Atalia. Bora aniue. Wewe nisinge tu, Bi Zuwena. Ntavumilia, wallahi sitapiga hata kelele. Kaitwanga kwa mikono yake."

Hapo mfikirie nilivyokaa. Karafuu na liwa juu ya ngozi ile ni sawa na kupaka pilipili kwenye jicho. Na huko ukumbini nasikia ndara za Bi Saada zinakuja, pata pata, na wimbo wa harusi mdomoni.

Akaingia na bakuli. "Haya, tuanze kwa jina la Mungu."

"Leo hatusingi, Bi Saada."

"Hatusingi vipi? Umeona siku ina nuksi?"

"Mwanao ana neno."

Rahma akaifungua kanga kidogo kidogo, mpaka mabegani. Nilingoja mayowe. Mimi nakwambieni nilishajiandaa kuziba masikio, kwa sababu Bi Saada akipiga yowe hata meli inageuka. Hakupiga. Aliliweka bakuli chini, polepole, kama limejaa pomoni.

"Panauma?"

"Panauma, mama."

"Tangu lini panauma, na mimi niko juu ya dari nafukuza kunguru?"

Bi Saada akakaa mkekani, akaanza kuupepea ule mkono kwa upindo wa kanga yake. Halafu ndipo akapandwa na ghadhabu. "Nani kakwambia rangi yako mbaya? Rangi hiyo umeitoa kwangu! Kama mbaya, waje wanambie mimi!"

Baada ya ghadhabu zikaja dawa. Tumpake asali, tumpake maziwa, pana mtu Ng'ambo ana majani yake. Nikasema hapana. Sikilizeni, nyinyi mnaotaka kuiingia kazi hii: mafuta yetu ni ya ngozi nzima, na kidogo ya ngozi iliyokauka. Ngozi iliyoungua ina wenyewe. Fundi wa mafuta asiyejua njia ya spitali ni hatari kuliko kikopo kisicho na jina. Tukamvalisha baibui, tukampeleka.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, hakumkemea. Alimuuliza kila kitu taratibu, akatazama kile kikopo, akampa dawa. Akatwambia ukweli wote: asipake tena hata chembe, akae mbali na jua, asisuguliwe na chochote, asitie manukato. Na kupona kutachukua miezi. Huenda kabla hapajawa pazuri patazidi kuwa pabaya.

"Harusi imeshafika, daktari," Bi Saada akasema.

"Najua, mama. Ngozi haijui."

Nikamuuliza kama mafuta ya nazi na nta bila kitu chengine yatamdhuru. Nikamtolea kikopo changu mkobani. Akakinusa, akauliza nimeyafanyaje, akasema tuyajaribu kwanza ndani ya kiwiko, pale palipo salama, na kama mpaka kesho yake pametulia, basi apakwe kidogo, kwa mkono mwepesi. Nanyi mfanye hivyo hivyo kwa kila mafuta mapya, hata kama mmeyatengeneza wenyewe na mnayapenda kama watoto wenu.

Rahma akampigia simu mchumba wake mbele yetu, akamwambia yote. Kijana akauliza jambo moja tu, "Jua linakuuma?" Akajibiwa linauma. "Basi ntatafuta gari lenye mapazia." Akakata simu akalitafute. Nikamwambia Bi Saada, mkwe huyo umepata, hata kama dada yake mdomo wake hauna breki.

Ikabaki singo. Bi Saada alikaa nayo mapajani kwenye lile sinia, hajui aitie wapi.

"Kazi bure, Bi Zuwena."

"Si bure. Hujaitia maji?"

"Bado."

"Basi haina wasiwasi. Lete chupa. Na chupa tuianike kwanza."

Tukaijaza chupa, tukaifunga kizibo, nami nikaipandisha kwangu, nikaiweka chini ya mchoro wa kijidudu. Gao moja tu tuliliacha kwenye kisahani kizingitini mwa chumba cha Rahma, mbali naye. Ikawa kila shangazi akifika mlangoni anavuta pumzi, anafumba macho: "Mashaallah, huyu kasingwa kweli kweli!" Na mtoto hajaguswa na hata punje! Mmoja aliapa kwamba tangu azaliwe hajaona biharusi aliyesingwa vizuri kama yule. Mimi na Bi Saada tukitazamana tu, tumebana midomo.

Lakini kila alasiri, saa ile ile ya kusinga, Bi Saada alitandika mkeka ule ule, akaimba nyimbo zile zile, na akampaka mwanawe mafuta ya nazi na nta, kwa ncha za vidole. Alikuwa na mikono mizito ya kutwangia, mikono ya kubeba madebe, na siku zile ilikuwa miepesi hata nikamwonea wivu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepea. Piko nililikataa katakata, ile rangi nyeusi inaunguza hata ngozi nzima. Tukamtia hina ya majani nyayoni tu, ambako mkorogo haukufika.

Siku ya kuonyeshwa ukumbini, mpambaji alikuja na poda ya kufunika tofali. Rahma akamwambia, "Wanja unatosha." Akakaa kitini na mashavu yake mekundu yanayobambuka, kajinyoosha kama kapigiwa rula. Taa zilikuwa nyingi, ungesema wameazima za uwanja wa ndege. Wifi yake akapanda jukwaani kumtazama, kavaa akang'ara, kafika karibu, tabasamu likamkauka.

"Wifi... umefanya nini?"

"Nimesikia taa hazitoshi," Rahma akasema, taratibu, anamtazama machoni. "Zimetosha?"

Yule wifi akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, hapo hapo miguuni pa biharusi, na akakaa hapo mpaka watu wakaanza kuuliza kama anaumwa. Siku chache baadaye nikasikia mtu anapanda ngazi zangu anapumzika kila kipande. Ni yule wifi. Akafungua mkoba, akatoa kikopo kisicho na jina, ndugu wa kile cha Rahma, akajifunua shingo. Ilikuwa inaanza kuungua.

Sikumsema. Nilitaka, nawaambieni kweli, nilikuwa na maneno ya kujaza skuli nzima. Lakini shingo ile ilikuwa ikiniangalia. Nikavaa baibui langu, nikamshika mkono, tukateremka kwenda kwa yule yule daktari.

Rahma alipona polepole, kama alivyoambiwa. Rangi yake ikarudi, ile ya mama yake. Vifundo vya vidole vimebaki na weusi mpaka leo, na hakuna mafuta yangu wala ya mtu yeyote yatakayouondoa, wala msimuamini atakayewaambia anao ujanja huo.

Mwaka ukapita na ushei. Siku moja Bi Saada akaniita kutoka chini kichochoroni, kwa sauti ile ya kugeuza meli: "Bi Zuwena! Teremka na chupa!" Rahma alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na arubaini yake imetimia. Mzazi naye husingwa, mkisahau nyinyi sisi hatujasahau.

Nikaitoa ile chupa chini ya kijidudu. Nikaifungua. Harufu ilikuwa imepungua kidogo, lakini ilikuwemo yote, waridi, kilua, na dari nzima ya Bi Saada pamoja na kunguru wake. Haijashika hata unyevu wa pumzi. Kwanza tukaijaribu ndani ya kiwiko cha Rahma, tukangoja mpaka kesho yake, nako kumelala kimya. Bi Saada akachota gao moja, akalowesha kiasi cha kutumia siku ile tu, maana hilo nshamfundisha. Mimi nikapewa mtoto nimpakate, naye akaniangalia kama ananikagua mikono.

Rahma akakaa mkekani, akatoa mgongo. Mama yake akaanza kusugua, kwa mikono ile ile ya kutwangia, safari hii kwa nguvu zote.

"Mama, taratibu! Nshakuwa mzazi mimi!"

"Nyamaza, biharusi," Bi Saada akasema, wala mkono haukusimama.